Mgongo wa plastiki na ile diski nyekundu: tathmini kwa wanaofundisha udaktari

Ukipita kwenye maduka ya vifaa tiba ya Kariakoo, au yale ya Upanga jirani na Muhimbili, ukaulizia mgongo wa kufundishia, aghalabu utawekewa mezani moja kati ya aina tatu. Kuna mgongo mzima wa ukubwa wa mtu mzima, urefu wa sentimita 80 hadi 85, wenye nyonga chini na kipande cha mfupa wa kisogo juu, unaoning'inia kwenye stendi ya chuma. Kuna kipande cha kiuno peke yake, pingili tano na sakramu, ule mfupa wa pembetatu ulio chini yake. Halafu kuna kile kidogo cha kuweka juu ya meza ya daktari: jozi nne za pingili zimepangwa safu, ya kwanza nzima, ya mwisho imechakaa, ndicho kinachoitwa hatua nne. Vyote vitatu mara nyingi vina jambo moja linalofanana. Mahali fulani pamepakwa rangi nyekundu.

Tathmini hii ni ya wakufunzi, wasimamizi wa maabara za mafunzo, na wanafunzi wanaochangishana kununua cha kwao. Tumekipima kifaa kwa maswali mawili. La kwanza, je, kinaonyesha anatomia sawasawa? La pili ni lile ambalo muuzaji haulizwi kamwe: mwanafunzi akishamaliza nacho, atamwonaje mama aliyeumwa kiuno miaka mitatu na picha zake zikarudi safi? Kwa swali la kwanza mgongo wa plastiki unapata alama nzuri. Kwa la pili, ukitumika kama ulivyotoka kwenye boksi, unaharibu, na uharibifu wenyewe hauonekani mpaka mwanafunzi awe daktari mtarajali mwenye foleni ya watu arobaini nje ya mlango.

Tuanze na mgongo mzima, maana huo ndio unaostahili fedha yako. Kabla ya kulipa, hesabu. Pingili zinazocheza ziwe 24: saba za shingo, 12 za kifua, tano za kiuno. Chini yake sakramu na kifandugu. Diski, yale mato laini yaliyo kati ya pingili, ziwe 23, kwa sababu kati ya pingili mbili za juu kabisa za shingo hakuna diski; ukikuta 24, aliyetengeneza hakujua anachotengeneza. Kisha pitisha kidole kwenye miiba ya nyuma kuanzia shingoni hadi kiunoni. Umbo na mteremko vibadilike polepole. Mwiba mmoja ukiruka ghafla, huenda pingili mbili zilibadilishana nafasi mgongo ulipofunguliwa na kufungwa tena. Hilo hurekebishika dukani kwa dakika kumi, ila ukishafika nalo chuoni litafundisha vizazi vitatu kimakosa.

Angalia uti wenyewe, ule mrija wa njano unaopita katikati. Kwa mtu mzima uti wa mgongo huishia kati ya pingili ya kwanza na ya pili ya kiuno. Chini ya hapo kuna nyuzi za neva tu, zimetawanyika kama mkia wa farasi. Mgongo wa plastiki uliotengenezwa vizuri huonyesha mpasuko huo. Ule wa bei ya chini huteremsha mrija mmoja mnene mpaka sakramu, na kutokana na hilo mwanafunzi anajifunza kumwambia mgonjwa mwenye tatizo la L5, pingili ya tano ya kiuno, kwamba "uti umebanwa". Mgonjwa akisikia uti umebanwa, anaona kiti cha magurudumu. Kosa la kiwandani limegeuka hofu ya mtu wa Mbagala.

Suala la hali ya hewa tulimalize haraka. Hewa ya pwani hula boliti zisizo za chuma cha pua, kwa hiyo jaribu kwa sumaku ndogo: ikinasa kwa nguvu, tegemea kutu, na upake grisi kidogo kwenye nyuzi za boliti kila muhula. Neva za njano ni plastiki laini, na zikikaa karibu na dirisha la jua hunata, hushika vumbi, mwishowe huchomoka kwenye matundu yake. Zifute kwa maji na sabuni ya maji. Spiriti huzikausha zikapasuka.

Sasa tufike kwenye kasoro kubwa ya anatomia. Shika mgongo huu kifuani na kiunoni, uukunje. Unajikunja kama nyoka, pingili zinalegea, diski zinateleza huku na huku. Waya wa katikati ndio pekee unaozuia usimwagike mezani. Mwanafunzi anaucheza hivyo siku ya kwanza, anacheka, na mkono wake unajifunza kwamba mgongo wa binadamu ni kitu legelege, kilichopangwa vipande juu ya vipande, kinachosubiri kuteguka. Mgongo halisi haupo hivyo hata kidogo. Kila diski imeshikamana na pingili ya juu na ya chini kwa nyuzi zilizozama ndani ya mfupa; haiwezi kuteleza kama sabuni. Mbele na nyuma kuna kano ndefu, pembeni kuna viungo vidogo vyenye mifuko yake, na nje yake tabaka za misuli. Pingili ya kiuno ya kijana mwenye afya hustahimili mgandamizo wa nyutoni elfu kadhaa. Wabeba magunia wa Kariakoo ni ushahidi tosha kuliko plastiki yoyote. Haya yote hayamo kwenye boksi, na dukani hakuna atakayekutajia.

Halafu ile diski nyekundu. Kwenye migongo mingi ya ukubwa kamili imewekwa kati ya pingili ya tatu na ya nne ya kiuno, imevimba kwa nyuma pembeni, inaigusa neva ya njano. Imewekwa hapo kwa sababu inaonekana vizuri kutoka mbali. Lakini sehemu kubwa sana ya diski zinazobana neva hutokea ngazi mbili za chini: L4/L5, yaani kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno, na L5/S1, kati ya ya tano na sakramu. Mwanafunzi aliyezoea kuiona kwa L3/L4 hufika kliniki akagonga goti kutafuta rifleksi, akaipata nzima, akaridhika, bila kupima nguvu ya kidole gumba cha mguu ambayo ni ya L5, wala rifleksi ya kisigino ambayo ni ya S1. Hilo ni kosa la ramani, na linasahihishwa kwa somo moja.

Kosa la moyoni ni gumu zaidi. Mgongo mzima ni mweupe, kitu kimoja tu ni chekundu. Haihitaji mwalimu kusema neno: mwanafunzi ameshaelewa kwamba maumivu ni kile chekundu. Kwa hiyo mwenye chekundu anaumwa kweli, na asiye nacho... Hapo ndipo sentensi inapomalizikia kwenye korido za wodi: anajifanya, anatafuta ED (ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini), kashazoea hospitali. Hakuna muhtasari wa somo ulioandika maneno hayo. Yanaota yenyewe kwenye pengo kati ya kile kilichoonyeshwa na kile ambacho hakikuonyeshwa.

Takwimu zinaivunja hoja ya chekundu pande zote mbili. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga MRI, picha za ndani ya mwili kwa sumaku, watu 98 wasioumwa mgongo kabisa: asilimia 52 walikuwa na diski iliyovimba walau sehemu moja, asilimia 27 walikuwa na iliyojitokeza zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya tafiti 33 za watu wasio na maumivu, jumla 3,110, ulikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Maana yake ni kwamba chekundu kinakaa kwa watu wanaocheza mpira ufukweni Coco bila habari. Na kikiwa kweli kimebana neva, mara nyingi hakidumu: diski iliyotoka nje ya mpaka wake husinyaa na kufyonzwa na mwili, na kadiri kipande kilivyotoka zaidi ndivyo uwezekano wa kufyonzwa unavyokuwa mkubwa. Mgongo wa plastiki hauwezi kuonyesha hilo. Diski yake itakuwa nyekundu hadi siku utakapoutupa.

Upande wa pili ni wa wale wenye picha safi. Tazama neva za plastiki: zimekatwa sentimita chache tu baada ya kutoka kwenye pingili. Juu, mgongo unaishia kisogoni. Hauna kichwa. Maumivu yaliyopita miezi mitatu yana sehemu kubwa inayofanyika kule palipokatwa: uti unaopokea ishara ukazikuza, ubongo uliojifunza kuogopa kuinama, usingizi wa saa tatu, deni la kodi ya chumba, mwajiri anayetishia. Mwanafunzi akiangalia kifaa kisicho na kichwa, halafu akaambiwa mgonjwa "hana kitu", anaunganisha mwenyewe: basi tatizo lipo kichwani mwake. Anasema hivyo kwa maana ya uongo, wakati kisayansi neno hilo hilo lingeweza kuwa mwanzo wa maelezo mazuri kabisa.

Kile kidogo cha hatua nne ndicho tunachokipinga waziwazi. Jozi ya kwanza ina diski nene yenye rangi ya maziwa. Ya pili imevimba kidogo. Ya tatu imepasuka, utomvu umetoka. Ya nne haina diski karibu kabisa, mifupa imekaribiana, kingo zimeota miiba, rangi imegeuka kahawia kama jino bovu. Ni ngazi ya kushuka, wala haina ngazi ya kupanda. Daktari akikiweka mezani akagusa jozi ya tatu kwa kalamu, akasema "wewe upo hapa", mgonjwa macho yake yanaenda moja kwa moja kwenye ya nne. Neno la mtaani "pingili zimesagika" linatoka kwenye meza kama hizi. Mtu akilibeba nyumbani, anaacha kuinua ndoo, anaacha kusali kwa kuinama, anaomba kiti, misuli inapungua, na maumivu yanaongezeka kwa sababu hiyo hiyo. Mwanafunzi aliyeketi pembeni ya daktari huyo amejifunza mambo mawili kwa mpigo: kwamba mgongo huharibika tu, na kwamba mgonjwa asiyepona ni kwa kuwa amefika hatua ya nne, hana la kufanyiwa.

Kama ofisi yako tayari inacho, kuna matumizi moja ya halali. Kiweke mbele ya wanafunzi, waambie kila mmoja achague jozi ya mtu anayeumwa zaidi, waandike kwenye karatasi. Wengi watachagua ya nne. Kisha waonyeshe zile takwimu za wasioumwa. Zoezi hili lina nguvu kwa sababu wamejifunga wenyewe kwa maandishi kabla ya kuambiwa.

Mtu anaweza kusema tunakitwisha kifaa mzigo wa mtaala mzima. Kweli, plastiki haifanyi kazi peke yake. Utafiti mmoja wa Philadelphia uliochapishwa 2009 ulifuatilia wanafunzi wa udaktari na kukuta huruma yao inashuka mwaka wa tatu, ambao ndio wanapoanza kukaa na wagonjwa. Uchunguzi wa vyuo vya Kanada, nao wa 2009, ulikuta wanafunzi wa udaktari wa mifugo wakipewa saa nyingi za somo la maumivu kuliko wanaosomea udaktari wa binadamu. Hata hivyo mtazamo hubadilika kwa kufundishwa. Huko Australia wanafunzi wa fiziotherapia walipopewa moduli maalumu ya maumivu sugu ya mgongo, imani yao juu ya wagonjwa hao iliboreka, na mabadiliko yalikuwepo bado mwaka mmoja baadaye. Kwetu hapa MD, shahada ya udaktari, ni miaka mitano na mwaka mmoja wa utarajali. Katika muda wote huo kuna uwezekano mkubwa kwamba mwanafunzi atatumia muda mrefu zaidi na mgongo wa plastiki kuliko atakaotumia kumsikiliza mtu mmoja mwenye maumivu sugu hadi amalize kusema. Ndiyo maana tunakitazama kifaa hiki kwa ukali.

Kuna na tabia moja ya kuubonyeza kichwani. Wakufunzi hupenda kubonyeza juu ya mgongo wa plastiki kuonyesha kwamba mgandamizo mwepesi haufiki kiunoni, kisha wanaingia kwenye zile dalili za Waddell, yaani dalili za mgonjwa zisizolingana na anatomia. Gordon Waddell, daktari mpasuaji wa Glasgow, alizichapisha na wenzake mwaka 1980: makundi matano, na mgonjwa akionyesha matatu au zaidi, maana yake ana mambo ya kihisia na kijamii yanayohitaji kuangaliwa kabla ya kupelekwa kisuni. Wodini zimegeuzwa kuwa mtego wa kumkamata mwongo. Waddell mwenyewe na mwenzake Main waliandika 1998 kuonya kwamba si kipimo cha uongo. Ukifundisha dalili hizi bila onyo hilo, bora usizifundishe.

Basi utumieje? Tunapendekeza kipindi cha dakika 90, wanafunzi wasiozidi 12 kwa mgongo mmoja, wakizidi nusu yao watakuwa wanatazama migongo ya wenzao.

Kabla ya boksi kufunguliwa, dakika kumi: kila mtu aandike bila jina sababu tatu zinazoweza kumfanya mtu mwenye MRI safi aumwe kiuno miezi minane. Kusanya, usisome. Kisha funga bendeji ya krepu ya sentimita 7.5 kuzunguka L3/L4 ili diski nyekundu isionekane, na ufundishe anatomia kwa dakika 25 kama vile haipo. Kuhesabu pingili kwa kidole, mahali uti unapoishia, neva ipi inatoka wapi, L4 goti, L5 kidole gumba, S1 kisigino, kunyanyua mguu ulionyooka na kusoma nyuzi 30 hadi 70. Bila chekundu cha kuvuta macho, utashangaa wanauliza maswali ya viungo vidogo na misuli, vitu ambavyo kwa kawaida hakuna anayeviulizia.

Dakika 15 zinazofuata ndizo tunazozithamini kuliko zote, na hazigharimu. Tafuta tyubu chakavu ya pikipiki kwa fundi yeyote wa bodaboda. Ikate mikanda mitatu ya upana wa sentimita tatu na urefu wa sentimita 60, ile ile wanayofungia mizigo. Mmoja funga mbele ya miili ya pingili, kutoka sakramu hadi pingili ya mwisho ya kifua. Miwili funga nyuma, kushoto na kulia kwa miiba, iwe imevutwa kidogo. Sasa mpe mwanafunzi yule yule aliyekuwa anaukunja kama nyoka. Haukunjiki tena kirahisi; unarudi. Hapo mikono yao inasahihisha kile ilichojifunza. Halafu mwambie mmoja avute mikanda ya nyuma mpaka mgongo usimame kama mlingoti, na ashikilie hivyo hivyo, asiache. Ndani ya dakika mbili mkono unaanza kutetemeka. Muulize: hakuna kilichovunjika, hakuna diski iliyotoka, nini kinauma? Ni misuli inayolinda bila kupumzika. Mgonjwa anayetembea ameukaza mgongo kwa woga anafanya hivyo saa 16 kwa siku. Kosa la kuepuka hapa ni kufunga mikanda kwenye miiba yenyewe, kwa sababu plastiki hukatika shingoni mwa mwiba. Ipitishe chini ya vibawa vya pembeni.

Dakika 30 ni za mazungumzo, mgongo ukiwa umefunikwa kitambaa. Mwanafunzi mmoja ni mgonjwa, mmoja ni yeye mwenyewe. Mwanzo uwe kama watu wanavyoamkiana: "Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne, nafanya kazi chini ya daktari wako." "Marahaba mwanangu." "Pole na maumivu mama. Hebu nieleze siku yako tangu unaamka." Baada ya hapo anyamaze. Saa ya ukutani ihesabu dakika mbili, na wanaotazama wahesabu mara ngapi amemkatiza. Mgonjwa atasema kiuno kimekaza kama ubao, ndoo haiinuki, daladala akisimama Ubungo mpaka Posta mguu unawaka moto. Yote hayo ni data. "Unaumwa wapi, tangu lini, umetumia dawa gani" yanakuja baadaye.

Sehemu ngumu ni kumweleza picha safi. Wanafunzi wengi husema "mama, picha yako haina kitu", wakidhani wametoa habari njema. Mama anasikia: umeniita mwongo. Wafundishe waseme hivi: "Mama, nimeangalia picha. Hakuna ugonjwa wa hatari kwenye mgongo wako, mifupa inabeba vizuri. Na maumivu yako ni ya kweli. Neva zimekuwa kali, ni kama mbwa wa geti: wezi waliingia siku moja, tangu hapo anabwekea mpaka wenye nyumba. Kazi yetu ni kumzoesha tena, taratibu." Kisha hatua zenye kipimo, kwa sababu "fanya mazoezi" si maagizo. Kutembea dakika kumi asubuhi na kumi jioni wiki ya kwanza, kuongeza dakika mbili kila baada ya siku tatu. Ndoo ya lita 20 ianze na lita tano za maji, iongezwe lita moja moja kila wiki. Kipimo cha kuzidisha ni kesho yake asubuhi: maumivu yakirudi kwenye kiwango cha kawaida, kiasi kilifaa, yakiwa juu bado, rudi hatua moja nyuma, usiache.

Katika mazungumzo hayo hayo dalili za hatari zisiachwe, hasa kwa nchi yenye kifua kikuu. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, kikohozi cha muda mrefu, VVU, historia ya saratani, kuanguka, maumivu yasiyobadilika ukilala wala ukisimama. Na yale yasiyosubiri kesho: miguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu zinazokalia tandiko la baiskeli, kushindwa kukojoa au kuzuia choo. Mwanafunzi anayemwamini mgonjwa huyapata mapema, kwa sababu mgonjwa anayeaminiwa huyasema. Anayedhaniwa anatafuta ED haulizwi kama mkojo unatoka.

Dakika kumi za mwisho, soma zile karatasi kwa sauti. Usizisemee. Mwanzoni utakuta "anajifanya", "stresi", "hataki kazi", na chache zenye maana. Waambie waandike upya, wakilinganisha.

Neno kuhusu mikanda ya kiuno, maana duka linalouza mgongo mara nyingi hukuning'inizia na mkanda pembeni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 juu ya maumivu sugu ya kiuno unashauri mikanda hiyo isitolewe kama tiba ya kawaida, wala mashine za kuvuta mgongo, wala dawa za jamii ya afyuni. Unaunga mkono elimu kwa mgonjwa, mazoezi, msaada wa kisaikolojia, baadhi ya tiba za mikono, na dawa za kupunguza maumivu zisizo za afyuni. Usinunue mkanda wa kuvalisha mgongo wa plastiki darasani ati ipendeze. Mwanafunzi ataukumbuka mkanda kuliko mwongozo.

Ununuzi wenyewe: kama bajeti ni ya kimoja, chukua mgongo mzima usio na diski nyekundu, au wenye diski inayobadilishwa. Muulize muuzaji waziwazi kama diski hutoka, na aitoe mbele yako, kwa sababu nyingi zimegundishwa. Kipande cha kiuno kinatosha kwa kliniki ndogo na kinaingia kwenye begi la mkufunzi anayezunguka hospitali za Temeke na Amana. Hatua nne, hapana. Stendi iwe na miguu mitano na boliti ya kukaza pembeni, maana ya miguu mitatu huanguka mgongo ukivutwa kwa tyubu.

Omba diski nyeupe ya ziada. Ikikosekana, kata duara la umbo la yai kwenye ile tyubu ya pikipiki, kama milimita 40 kwa 30, tabaka nne au tano, ugundishe kwa gundi ya kuzibia pancha, na ukandamize usiku mzima chini ya kitabu kizito. Inaingia mahali pa ile nyekundu, ni nyeusi kidogo kuliko jirani zake, na inapokandamizwa inarudi.